Timu Isiyolala Kwao

Katika mazungumzo yetu ya kandanda tunahakiki karibu kila kitu. Tunamhakiki kocha, tunamhakiki mwamuzi, tunamhakiki mshambuliaji aliyekosa bao huku lango likiwa wazi, na wengine huhakiki hata rangi ya jezi. Jambo moja hatulihakiki, nalo ni mahali timu inapolala na kufanyia mazoezi. Hilo tunaliona kuwa ni shauri la utawala, sawa na kuuliza nani anatunza ufunguo wa stoo ya mipira. Matokeo yakiwa mazuri hatuulizi timu imeamkia wapi, na yakiwa mabaya tunamfukuza kocha.

Maoni yangu ni kwamba mahali pa mazoezi ni jambo kubwa kuliko tunavyolidhania. Klabu inayohamishia mazoezi yake mbali na kwao inaunyima mji wake kitu ambacho vikombe haviwezi kukifidia. Ili maneno haya yasionekane kuwa porojo za kijiweni, nitachukua mfano mmoja uliojulikana duniani na kuupima kwa haki. Kisha nitatazama mfano wa pili unaoelekea kunipinga, na baada ya hapo nitarudi kwetu Tanzania, ambako jambo lenyewe limekwisha kuota mizizi.

Mfano wa kwanza ni klabu ya Anzhi ya Makhachkala. Makhachkala ni mji mkuu wa Dagestan, jamhuri iliyomo ndani ya Urusi, kando ya Bahari ya Kaspi, nchi ya milima na ya makabila mengi yenye lugha zao. Klabu ilianzishwa mwaka 1991, mwaka ule ule ambao Muungano wa Kisovieti ulivunjika. Kwa miaka ishirini iliishi maisha ya klabu ya kawaida, ikipanda daraja na kushuka. Mnamo Januari 2011 ilinunuliwa na Suleyman Kerimov, tajiri mkubwa aliyezaliwa Derbent, mji mwingine wa Dagestan hiyo hiyo. Mwezi uliofuata akaja Roberto Carlos, yule beki wa kushoto wa Brazil. Agosti akaja Samuel Eto'o wa Kameruni, akitokea Inter ya Milano, kwa mshahara ambao magazeti ya wakati ule yaliutaja kuwa mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote duniani. Mwaka 2012 ikaajiriwa akili ya Guus Hiddink, Mholanzi aliyeifikisha Korea ya Kusini nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2002.

Sisi huku Afrika tuliifahamu Anzhi kwa sababu ya Eto'o. Vijana ambao hawakuweza kuionyesha Dagestan kwenye ramani walilitaja jina la klabu hiyo kana kwamba ni klabu ya mtaa wa pili. Lakini Eto'o na wenzake hawakuishi Makhachkala. Waliishi Moscow, na mazoezi walifanyia Kratovo, nje kidogo ya Moscow, katika kambi iliyokuwa ya klabu nyingine iitwayo Saturn. Siku ya mechi ya nyumbani ikikaribia walipanda ndege, wakaruka zaidi ya kilometa 1,500 kuelekea kusini, wakacheza, kisha wakapanda ndege na kurudi. Umbali huo unaizidi safari nzima ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Timu ya Krasnodar ilipokuja Makhachkala kama mgeni, ilikuwa imesafiri njia fupi kuliko wenyeji wake. Na wenyeji hao walipokwenda "ugenini" kucheza na klabu za Moscow, walitoka vitandani mwao.

Kuna jambo jingine la kutafakari hapo. Saturn, wenye kambi ile ya Kratovo, walikuwa wamejitoa katika Ligi Kuu ya Urusi mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2011 kwa sababu ya madeni. Anzhi basi iliingia katika nyumba ya marehemu bila kuuliza sana marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Mhakiki wa haki hana budi kuwasikiliza wenye klabu kabla ya kuwahukumu. Hoja yao ya kwanza ilikuwa usalama, nayo haikuwa ya kubuni. Miaka hiyo Dagestan ilikuwa na mapigano baina ya wapiganaji wa msituni na vyombo vya dola, na mabomu na mauaji yalikuwa habari za kawaida. Hata Shirikisho la Kandanda la Ulaya, yaani UEFA, lilikataa mechi za mashindano yake zichezwe huko. Ndiyo maana Anzhi ilipoifunga Liverpool bao 1-0 mwezi Novemba 2012, ushindi ambao mji ungeusimulia kwa vizazi, ilikuwa ikicheza Moscow. Hoja ya pili ilikuwa vifaa: viwanja vizuri vya mazoezi, hospitali, shule za watoto wa wachezaji. Hoja ya tatu haikusemwa kwa sauti, lakini kila mtu aliielewa. Mchezaji wa kiwango kile asingetia sahihi mkataba kama angeambiwa akaishi Makhachkala.

Aidha, haitakuwa haki kusema kwamba Kerimov aliusahau mji. Fedha zake zilijenga upya uwanja wa Kaspiysk, jirani na Makhachkala, ukafunguliwa mwaka 2013 kwa jina la Anzhi Arena, wenye nafasi ya watu wapatao 26,000. Kwa matokeo pia hakuna wa kulalamika. Msimu wa 2012/13 Anzhi ilishika nafasi ya tatu katika Ligi Kuu, na ikafika fainali ya Kombe la Urusi, ikashindwa na CSKA kwa mikwaju ya penalti. Mtu anayepima klabu kwa jedwali la ligi ataona kwamba Kratovo ilikuwa uamuzi wa busara.

Kisha ikaja Agosti 2013. Kerimov alipunguza fedha ghafla, na katika wiki chache timu ikauzwa kama mali ya mnada. Eto'o na Willian walikwenda Chelsea, na kundi zima la wachezaji likaenda Dinamo Moscow. Msimu uliofuata Anzhi ilishika mkia na kushuka daraja. Ilipanda tena, ikashuka tena, ikabadilisha mwenyewe, ikaporomoka hadi daraja la tatu. Mwaka 2022 ilikosa leseni, na huo ukawa mwisho wake.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Anzhi ilikufa kwa sababu ya Kratovo. Ilikufa kwa sababu ilitegemea mfuko wa mtu mmoja, na mfuko ukafungwa. Ugonjwa huo umeua klabu nyingi ambazo zilifanya mazoezi mita mia moja kutoka sokoni kwao. Swali langu ni jingine: mfuko ulipofungwa, mji ulibaki na nini? Ulibaki na uwanja, na ulibaki na kumbukumbu za mechi. Ile kazi ya kila siku, ambayo ndiyo hasa iliyowafanya watu wale kuwa wachezaji wakubwa, haikuwahi kufika Makhachkala hata siku moja. Ilifanyika Kratovo, na ilipokwisha, ilikwishia Kratovo.

Nitalieleza hilo kwa mfano wa kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Karibu na vyuo vyetu vya ualimu hujengwa shule ya msingi iitwayo shule ya mazoezi. Mgeni hudhani imewekwa pale kwa ajili ya watoto wa wakufunzi. Sivyo. Imewekwa ili mwanachuo amwone mwalimu mzoefu akifundisha, na ili naye ajaribu akiwa anatazamwa. Sasa, wanachuo hupelekwa kutazama masomo ya aina mbili. Kuna somo la maonyesho, lililoandaliwa kwa wiki nzima, ubao umefutwa ukang'aa, zana zimepangwa, na watoto wameonywa. Na kuna somo la Jumanne ya kawaida, kipindi cha nne, wakati watoto wamechoka, chaki imekwisha na mvua inapiga bati. Kila mkufunzi wa siku nyingi anajua kwamba mwanachuo hujifunza zaidi katika lile la pili. Hapo humwona mwalimu mzoefu akikosea na kujirekebisha. Humwona akinyamaza kwa makusudi mpaka darasa zima litulie. Huona pia kwamba ustadi haukushuka kutoka mbinguni, bali ni mambo madogo madogo yanayorudiwa kila siku bila kuchoka.

Mechi ni somo la maonyesho. Mazoezi ni ile Jumanne ya kawaida. Bao la Eto'o mtoto wa Makhachkala aliliona, kama alivyoliona mtoto wa Mwanza au wa Douala, kwenye televisheni. Bao hilo halikuhitaji kuletwa Dagestan kwa fedha nyingi hivyo. Kitu ambacho televisheni haionyeshi ni mchezaji aliyekwisha kutwaa Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya akirudia pasi ile ile ya mita kumi mara mia. Haimwonyeshi akifika mapema kabla ya wenzake, akigombezwa na kocha akanyamaza, akivua viatu kwa uangalifu kama fundi anayerudisha vyombo vyake kwenye kikapu. Mtoto aliyeona hayo kwenye uzio wa mji wake amepata elimu. Huenda asiwe mchezaji. Atakuwa fundi cherehani, au muuguzi, au mwalimu, lakini amekwisha kuona kwamba mtu mkubwa naye hufanya kazi, na namna anavyoifanya. Mji unaopata mechi bila mazoezi umepewa mitihani bila masomo.

Kuhusu hoja ya usalama, ninaiheshimu, lakini ina upande wa pili. Hatari iliyowafanya wachezaji wasilale Makhachkala haikuwahamisha wakazi wa Makhachkala. Muuza samaki, mwalimu, dereva wa basi na watoto wao waliendelea kulala pale pale. Timu iliyobeba jina lao ilipofika siku ya mechi na kuondoka, iliwaambia, bila kukusudia, kwamba mahali penu ni pa kutembelewa na si pa kuishi. Naifananisha na mwalimu anayekubali kupangiwa shule ya kijijini kwa sharti kwamba atakuja kusimamia mtihani tu. Pengine watoto watafaulu, maana maswali atawaletea yeye mwenyewe. Lakini kijiji hakitasema kimepata mwalimu.

Na tusidhani kwamba mji ule haukuweza kuwa na timu. Mwaka 2021, Anzhi ikiwa inakata roho, ilianzishwa klabu nyingine hapo hapo, Dynamo Makhachkala. Mwaka 2024 ilipanda Ligi Kuu ya Urusi, ikichezea mechi zake za nyumbani katika uwanja ule ule wa Kaspiysk. Hamu ya kandanda haikuwa imekauka.

Sasa nigeukie mfano unaoelekea kunipinga. Kuna klabu ambayo imeishi mbali na kwao miaka mingi kuliko Anzhi na haikufa. Ni Shakhtar ya Donetsk, mashariki ya Ukraine. Ilianzishwa mwaka 1936 katika nchi ya makaa ya mawe, na jina lenyewe maana yake ni mchimba mgodi. Mwaka 2009 ilitwaa Kombe la UEFA mjini Istanbul, na mwaka huo huo ikafungua uwanja wake, Donbass Arena, wenye viti zaidi ya 50,000. Miaka mitano tu baadaye vita vikaingia. Tangu 2014 Shakhtar haijacheza Donetsk. Wachezaji walihamia Kyiv, wakaishi na kufanya mazoezi huko, na mechi za "nyumbani" wakazichezea Lviv, kama kilometa 1,000 kutoka kwao, baadaye Kharkiv, baadaye Kyiv. Vita vilipopanuka mwaka 2022, mechi zao za Ulaya zilihamia nje ya nchi kabisa: Warsaw, Hamburg, Gelsenkirchen. Pamoja na hayo yote walikuwa mabingwa wa Ukraine mwaka 2017, 2018, 2019, 2020, 2023 na 2024. Novemba 2023, wakiwa "nyumbani" Hamburg, waliifunga Barcelona 1-0.

Msomaji anaweza kuuliza: Je, hiyo si dalili kwamba mahali si kitu? Timu isiyolala kwao kwa zaidi ya miaka kumi imetwaa ubingwa mara sita!

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kuhama si sawa na kuhamishwa. Anzhi ilikuwa na mlango na ikachagua kutoingia. Shakhtar ilifungiwa mlango, uwanja wake ukapigwa makombora. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini hawakumtia katika methali hiyo mtu aliyefukuzwa kwao kwa mizinga. Klabu iliyolazimika kukimbia huibeba Donetsk katika jina lake kama mtu anayetunza ufunguo wa nyumba aliyoihama, kwa kuwa bado ana nia ya kurudi. Jina la namna hiyo ni deni, na Shakhtar imekubali kudaiwa. Pili, na hili ndilo zito, ubingwa ule sita hauondoi hasara iliyoingia Donetsk. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 2014 amekuwa mtu mzima bila kusimama kwenye uzio wa kambi ya klabu yake hata siku moja. Vikombe vyote vile havikumpa Jumanne hata moja. Kwa hiyo mfano huu haunipingi. Unaonyesha tu kwamba timu inaweza kufaulu mahali popote, na kwamba kufaulu kwa timu na kufaidika kwa mji ni mambo mawili tofauti, yanayopaswa kupimwa kwa mizani mbili.

Nikirudi hapa kwetu, naona lazima kwanza tutofautishe kambi na makao. Desturi ya kuweka kambi ni ya zamani. Simba na Yanga wakikaribia kupambana, mmoja huvuka bahari kwenda Unguja na mwingine pengine Pemba, ili wachezaji wawe mbali na kelele za mashabiki, hujuma, na mambo mengine ambayo mwalimu hayaandiki. Siku hizi kabla ya msimu huenda mbali zaidi. Simba ilikwenda Ismailia, Misri, mwaka 2022, ikaenda Uturuki 2023, ikarudi Ismailia 2024, wakati Yanga mwaka huo ilikwenda Afrika Kusini. Watu hulalamikia gharama. Binafsi sina ugomvi na kambi. Mwanafunzi akijifungia wiki mbili kabla ya mtihani, mzazi mwenye busara humpelekea chakula na kumwacha. Kambi ina siku ya kwisha.

Makao ni jambo jingine. Wazee wa Dar es Salaam wanaukumbuka Uwanja wa Kaunda pale Jangwani, ambako Yanga ilifanya mazoezi na watu wakasimama kutazama, wakitoa maoni ambayo kocha hakuyaomba. Uwanja ule ulikuwa ukijaa maji ya bonde la Msimbazi kila mvua zinapozidi, na hakuna mwenye akili atakayesema timu ingebaki ndani ya tope kwa ajili ya utamu wa kumbukumbu. Mwaka 2019 Simba ilizindua uwanja wake wa mazoezi Bunju, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 Yanga ilifanyia mazoezi yake Avic Town, Kigamboni. Kutoka Kariakoo huko ni mbali, lakini ni Dar es Salaam ile ile, na Bunju na Kigamboni nako kuna watoto. Uhamisho wa namna hiyo siulaumu, mradi ukuta usiwe mrefu kiasi kwamba mtoto wa Bunju akaisikia Simba kwa firimbi tu.

Jambo linalonitia wasiwasi limetokea Mbarali, mkoani Mbeya. Huko katika mashamba ya mpunga, Ubaruku, palikuwa na timu iitwayo Ihefu, ikichezea uwanja mdogo wa Highland Estates. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika pale ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu ikaifunga 2-1. Mwezi Oktoba 2023 Yanga ilirudi, ikafungwa tena 2-1. Nchi nzima ikajifunza kulitaja jina la Ubaruku. Kabla msimu huo wa 2023/24 haujakwisha, Ihefu ilihamishiwa Singida, kwenye Uwanja wa Liti, ambao zamani uliitwa Namfua. Msimu uliofuata hata jina likabadilishwa, ikaitwa Singida Black Stars. Mwaka 2025 ikatwaa Kombe la Kagame.

Watu wa Singida wana haki ya kufurahi, na mimi siwanyimi furaha yao. Singida nayo ina watoto wanaostahili kuona mazoezi. Wenye timu nao wana haki zao. Timu ni gharama, na anayelipa mishahara ndiye anayejua uzito wake. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kwa niaba ya asiyekuwapo mezani. Ubaruku ilikuwa imefanya nini hata ikaadhibiwa? Ilijaza uwanja. Iliwapa wachezaji ule ujasiri ambao mara mbili uliwashinda mabingwa. Katika kitabu chochote cha hesabu za klabu sijui pana safu gani ya kuandikia mchango huo, ndiyo maana ulipita bila kulipwa. Timu ilipoondoka haikuondoka na wachezaji tu. Ilipoondoka Jumanne ziliondoka, na mtoto wa Ubaruku aliyekuwa akitoka shule na kupitia uwanjani sasa hupita njia ya mkato.

Sipendi kuhakiki bila kutoa ushauri, maana huo ni uvivu. Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila klabu ya Ligi Kuu itenge siku moja kila wiki ambayo mazoezi yatakuwa wazi kwa wanafunzi wa shule za jirani, bila kiingilio na bila hotuba. Watoto waje, wakae, watazame, waondoke. Kocha anayeogopa wapelelezi anaweza kuficha mbinu zake siku nyingine nne. La pili, timu ya wakubwa ikilazimika kuhamia mbali, timu ya vijana ibaki nyumbani pamoja na kocha wake, ili mji usibaki na jina tupu. Wapo watakaosema timu ya vijana haina mvuto. Shule ya mazoezi nayo haina mvuto, lakini bila hiyo chuo hakitoi mwalimu. La tatu, klabu inaponunuliwa, wanachama na uongozi wa wilaya waombe iandikwe katika mkataba timu itafanyia wapi mazoezi na kwa muda gani. Tunaandikiana mikataba ya mashamba na ya mashine za kusaga, kwa nini tusiandikiane ya kitu kinachokusanya watu wengi kuliko shamba na mashine?

Najua kuna watakaonijibu kwamba dunia imebadilika, kwamba shabiki wa leo yuko kwenye simu yake, na kwamba klabu haina tena kwao, ina soko. Huenda ni kweli kwa klabu kumi tajiri za Ulaya. Kwa klabu zetu si kweli, na Anzhi inatuonyesha kwamba haikuwa kweli hata kwa yenye fedha za kumnunua Eto'o. Soko lilimfuata Eto'o Chelsea. Waliobaki wakiitaja Anzhi hadi siku yake ya mwisho ni wale wale waliokuwa wakiishi katika mji ambao timu haikutaka kulala.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Timu ya mbali inaweza kuua nyoka wengi, tena wakubwa, na kupigwa picha pamoja nao. Lakini nyoka aliyeko katika mji wetu, yaani kukata tamaa kwa kijana anayeamini kwamba mambo mazuri hufanyika kwingine, huyo hauawi kwa mechi ya dakika 90 kila baada ya wiki mbili. Anahitaji kuona watu wakifanya kazi nzuri, kwa subira, karibu na nyumbani kwake, siku ambayo si sikukuu.

Basi msimu ujao, tukiisha kuulizana mchezaji mpya ameletwa kwa shilingi ngapi, tuongeze na swali hili: Jumanne asubuhi atakuwa wapi, na mtoto wa nani atamwona?